Ng'ombe wa Tulia Hachinjwi

Binti yangu Tulia alikuwa anakamua ng'ombe wetu kila alfajiri, hapa Masukulu, huku akiimba kwaya. Mwaka huu kwaya ikakatika. Vidole vya mikono yote vilivimba. Asubuhi havikunjiki mpaka jua lipande.

Dada yangu Tupokigwe akaja na jibu lake.

"Kaka, ulipomzika mkeo, majirani hawakushiba nyama msibani. Wananung'unika. Pumzi ya hasira yao, kama walivyosema wazee, ndiyo inamuumiza mtoto. Chinja ng'ombe, wale nyama, wanyamaze."

"Huyuhuyu anayetulisha?"

"Ng'ombe au mtoto?"

Nikanoa kisu. Tulia akamkumbatia ng'ombe shingoni. "Baba, kwanza hospitali."

Nilikwenda Tukuyu nimenuna. Mama yake alifia nyumbani tukingoja gari la wagonjwa, kumbe wakubwa wamelichukua kwenda mkutanoni. Lakini Daktari Sia alivishika vidole vya Tulia taratibu, akampima damu, kisha akasema:

"Mzee, hii ni baridi yabisi. Si pumzi ya watu, wala haiambukizi. Mwili una kinga, ndio walinzi wake. Wanapiga vijidudu. Wakati mwingine wanakosea, wanampiga mwenye nyumba."

"Kama mgambo wa sokoni! Mwizi anapita, wao wanakimbiza mama wa ndizi."

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. "Hivyohivyo. Mtu huzaliwa na uelekeo huo, halafu kitu kinauamsha, kama maradhi au moshi wa sigara. Wanawake huugua zaidi."

"Wanapiga vidole tu?"

"Magonjwa haya ni mengi. Kuna yanayoshambulia sehemu moja: kongosho, ikaja aina moja ya kisukari, au tezi ya shingo. Mengine huzunguka mwilini. Wa Tulia hukaa kwenye viungo, ila ukiachwa hufika hata mapafuni. Mmefanya vizuri kuja mapema."

"Unapona?"

"Hauondoki kabisa. Dawa inawatuliza walinzi, vidole visipinde. Asiiache bila kuniuliza, na awe anakuja kupimwa damu."

Wiki zikapita, Tulia anameza dawa, vidole bado vimevimba. Nikaanza kuwasema wakubwa upya.

Jana alfajiri nikasikia kwaya zizini. Nikatoka mbio. Tulia anakamua!

Tupokigwe akachungulia. "Kumbe hamjachinja?"

Tulia akamrushia maziwa usoni, chwaa! "Shangazi, kunywa, unyamaze," Tulia akasema.

Tulicheka mpaka majirani wakaja. Nikampa kila mmoja kikombe cha maziwa. Wakanung'unika jambo moja tu: vikombe vyangu ni vidogo.