Makaburi Kumi na Mawili ya Bir Ghafa

"Kahawa imechemka. Mimina kabla ya adhuhuri."

Sauti ya redioni ikakatika. Fumbo lake lilikuwa jepesi: wahi kisimani kabla ya wengine.

Matar bin Ghuraib alikisukuma kisanduku cha vikombe chini ya kiti cha Land Rover. Ndani, juu, vikombe sita vya kahawa, vimefungwa kwa kitambaa cha buluu. Chini ya vikombe redio ndogo, si kubwa kuliko mkate wa boflo. Akakaza usukani, akatupa jicho kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

Vumbi.

Lori la Dodge lilikuwa nyuma yake, linakuja kama lililotiwa pilipili. Ndani yake alikuwa Petko, baharia wa zamani, mlinzi wa Bwana Corwen wa kampuni ya mafuta. Matar, dereva wa kampuni, alikuwa ameondoka kambini bila ruhusa, na Petko hakupenda mambo yasiyo na ruhusa.

Mlio wa risasi.

Kioo kikapasuka, vipande vikamwangukia Matar mapajani.

Hakupepesa. Tangu alfajiri alikuwa amepunguza upepo matairi yote manne, moja baada ya jingine, akihesabu mpaka thelathini kila moja. Akaukabili mlima wa mchanga ubavuni. Land Rover ikapanda taratibu, matairi yamelala bapa kama nyayo za ngamia.

Dodge nayo ikaparamia. Matairi yake yalijaa upepo tele. Ikazama mpaka mhimili, ikanguruma, ikanyamaza.

Petko angekuja kwa miguu. Nusu saa.

Inatosha.

*

Kisima cha Bir Ghafa kilikuwa pale pale, na mti wa ghafa umekiinamia, na mawe ya mdomoni yana mifereji ya kamba. Babu yake Matar alikichimba kisima kile.

Mwaka ule Waingereza walikuwa wamekata shauri kwamba kila sheikh wa pwani, hata mwenye mbuzi wengi kuliko watu, apewe mpaka wake. Afisa wao alizunguka na meza ya kukunja na kalamu nyekundu. Kila mahali aliuliza: nani kachimba kisima? Zaka wanampa nani? Nani kazikwa hapa? Umm Sidra, watu wa Matar, walisema kisima ni chao. Sheikh wa Dhahaba, jirani yao, alisema ni chake, maana Corwen alikuwa tayari ana mkataba wa mafuta na sheikh huyo. Pakipigwa mstari vibaya leo, watu wa Umm Sidra wangeomba ruhusa kunywa maji ya babu zao.

Matar akatazama kaskazini ya kisima.

Makaburi kumi na mawili. Yamepangwa vizuri mno, kama vitanda vya hospitali. Wiki tatu nyuma Corwen alimtuma pwani siku tisa kutafuta vipuri. Sasa alijua vipuri vile vilikuwa kisingizio cha kumwondoa. Vibarua wa mbali, wasioijua dini wala lugha, waliletwa wakayajenga yawe ushahidi wa Dhahaba, kisha wakaondolewa.

Akayatazama tena. Yalilala mashariki na magharibi.

Corwen alikaa Adeni miaka kumi na mmoja. Kule Makka iko kaskazini, kwa hiyo maiti hulazwa mashariki na magharibi ili uso uelekee kibla. Corwen aliyachora makaburi ya Adeni katika daftari lake, kwa dira na kwa rula. Lakini huku Makka iko machweoni, na maiti hulazwa kusini na kaskazini. Hawa kumi na wawili walikuwa wameinyooshea Makka miguu.

Akatoa kisanduku, akafungua redio.

"Nyumbani, hapa Mgeni. Makaburi ni ya uongo. Yamelala vibaya."

"Thibitisha mbele ya afisa."

"Niseme?"

"Wewe ni dereva wao, nani atakusikiliza? Waseme wao wenyewe. Ukifungua kinywa, miaka yako miwili ya kuwapeleleza imepotea, na Dhahaba wanavitamani visima vingine vitatu. Umenielewa, Mgeni?"

Matar alikuwa anayatazama mawe.

"Nyumbani, mawe ya makaburi yetu yameng'olewa. Ndiyo waliyojengea haya."

Upepo tu kwenye redio.

"Umenielewa, Mgeni?"

"Nimekuelewa."

Huyo Nyumbani, Matar hakuwahi kumwona uso. Ni sauti tu. Ndiyo sauti iliyompa habari ya mkewe miezi kumi na mmoja nyuma, kwa maneno matano: "Shamsa ametutoka. Amezikwa Bir Ghafa." Siku ile Matar alikuwa na dele mkononi, anawamiminia kahawa wageni wa Corwen. Alimimina. Halikumwagika tone.

Kaburi la mwanamke huwekwa mawe matatu: kichwani, miguuni na katikati. La katikati la Shamsa, alisikia sokoni, lilikuwa nusu ya jiwe lake la kusagia, lile lililovunjika mwaka wa harusi yao.

Sasa nusu ile ilikuwa juu ya kaburi la nne la uongo, imekaa kama kofia ya kuazima. Na popote alipolala Shamsa palikuwa mchanga mtupu, sawasawa na mchanga mwingine wote.

*

"Nani alikuruhusu?" Petko alifika anahema, viatu vimejaa mchanga.

Matar alikuwa amechutama, anapuliza moto. "Kahawa, bwana. Wageni wakikuta jiko limepoa, aibu ya nani? Yangu, au ya bwana wako?"

"Wewe ni mtu wa Umm Sidra."

"Nilikuwa. Siku hizi ni mtu wa mshahara."

Petko akamsogelea, bastola ya Webley ikamgusa mbavu. "Neno moja juu ya makaburi, dereva. Moja tu."

"Mimi na makaburi wapi na wapi?" Akaendelea kupuliza.

Walikuja kabla ya adhuhuri, pande zote mbili, watu kama arobaini. Afisa alikuwa kijana mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Akaikunjua meza, akaitandaza ramani, akachonga kalamu. Corwen akakaa kivulini, kamera yake ya Leica shingoni, anatabasamu.

Matar akapita na kahawa. Akamfikia Huwaidi, kaka yake Shamsa. Huwaidi akakipokea kikombe, akamtazama machoni, akaimwaga kahawa mchangani polepole mpaka tone la mwisho.

"Dada yangu alikufa anakungoja," alisema. "Alikuwa anauliza kila msafara. Wewe huku unawamiminia Manasara. Huna haya, shemeji?"

Matar akakipangusa kikombe kwa kitambaa cha buluu.

"Nikuongeze?"

"Niondokee!"

Akaenda kwa mwingine. Hakuna aliyeona kwamba alisahau kukijaza kikombe kile.

Shahidi wa Dhahaba alikuwa Mzee Rashoud, ndevu nyeupe, sauti ya kukwaruza. Alikuwa ameletwa kwa gari asubuhi ile, akaonyeshwa makaburi kwa kidole kutoka mbali, akaambiwa ni ya ukoo wake. Hakuwahi kufika pale maishani.

"Aape sasa," Corwen alisema, "tumalize kabla jua halijazidi."

Mzee akasimama. Msahafu ukaletwa.

Matar akaangalia kivuli cha mti. Kilikuwa kimeanza kuinama upande wa pili: adhuhuri imeingia.

Akaliweka dele chini. Akasimama kwenye uwanja ulio wazi, kusini ya makaburi, akatia vidole masikioni.

Akaadhini.

Petko alimtazama, mkono ndani ya koti. Lakini neno gani la kumkataza? Watu arobaini walikuwa wameshaanza kukunja mikono ya kanzu. Hata msahafu ukafungwa. Safu ikapangwa pale pale aliposimama mwadhini, bega kwa bega, nyuso machweoni, Mzee Rashoud mbele kama imamu.

Wakasali. Wakakaa. Mzee akageuza shingo kulia.

"Assalaamu alaikum wa rahmatullah."

Hapo shingo ikagoma. Kushoto ikageuka kwa taabu, ikarudi kulia. Watu wote arobaini walikuwa wanatazama kulia, yalipo makaburi. Safu yao ilikwenda kusini na kaskazini, kama walalavyo maiti wa nchi ile. Makaburi yalikwenda kinyume, miguu mbele.

"Nani," aliuliza Mzee Rashoud taratibu, "nani amewalaza hawa?"

Akamgeukia afisa.

"Bwana Afisa, njoo. Babu zangu walikuwa wezi wa ngamia, sikatai. Waliiba hata wa ukoo wa huyu Huwaidi."

"Kumi na saba!" Huwaidi alidakia.

"Kumi na nne, usizidishe. Lakini kibla walikijua! Mtu wangu hazikwi anaipiga Makka teke. Siapi."

Corwen aliinuka. "Mzee, tulikubaliana..."

"Tulikubaliana nini? Umenileta niape juu ya vichekesho?"

Huwaidi akarusha mawe pembeni, akachimba kwa mikono. Mchanga. Mchanga. Kisha kopo tupu la dagaa.

Watu wa Dhahaba ndio waliocheka kwanza, kicheko kibaya, wamemgeukia Corwen. Petko akachomoa Webley.

Haikufika juu. Dele la kahawa inayochemka likammwagikia kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka, Huwaidi akaikanyaga.

"Samahani, bwana," Matar alisema. "Mkono umeteleza."

Afisa akarudi mezani, masikio mekundu kuliko pua. Kalamu ikapita kwenye ramani bila kusimama. Bir Ghafa ikabaki Umm Sidra.

*

"Washa gari!" Corwen alifoka. Petko alikuwa nyuma, mkono umefungwa kitambaa cha buluu.

"Matairi, bwana. Hayana upepo. Tutakwama."

Akatoa pampu ya mguu. Tairi la kwanza. Polepole. La pili.

Kule makaburini Huwaidi na wenzake walikuwa wanarudisha mawe mahali pake. Waliojua kila jiwe ni la kaburi gani ni wao tu. Matar hakuweza kuuliza. Akapiga pampu na kungoja.

Tairi la tatu.

Huwaidi akainua nusu ya jiwe la kusagia. Akalipangusa kwa kanzu yake. Akatembea mpaka karibu na mti, akapiga magoti, akaliweka.

Hatua thelathini na mbili kutoka kisimani. Matar akazihesabu kwa macho, mara mbili.

Mikono hakuiinua. Petko alikuwa anaangalia. Akaisoma Fatiha kwa mguu, neno moja kwa kila pigo la pampu, mpaka amina. Tairi la nne likajaa.

Akafunga pampu, akaingia, akawasha.

"Wapi, bwana?"

"Popote. Endesha."

Akaendesha. Mara moja macho yake yalikwenda kwenye kioo kutazama nyuma, yakakuta fremu tupu.