Shikamoo, Baba Hosiana

ALHAMISI, SAA MOJA NA NUSU JIONI

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinagonga gizani. Tik. Tik-tik. Maharage yalichemka jikoni kwa Makoye na hakuna aliyenyanyuka kuyatazama. Umeme ulikuwa umekatika Segese nzima. Hata makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu kutwa nzima yalikuwa yamenyamaza.

Chumba cha nyuma. Wanaume watatu. Mwanga wa simu moja.

Makoye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Kushuka duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, tangu ujana kulikuwa kumemwachia kifua kinachokoroma kila akivuta pumzi. Mtaani hakuna aliyemwita Makoye. Alikuwa Baba Hosiana, kwa jina la binti yake aliyekuwa amesinzia chumba cha pili. Mama wa mtoto alishazikwa. Ndugu wengine hawakuwepo.

"Rudia," alisema.

Ignas akarudia. Alikuwa fundi kompyuta wa kiwanda cha kuchenjulia dhahabu mpaka walipomwondoa bila maelezo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosa usingizi.

"Kesho mzigo unatoka kiwandani kwenda Kahama. Njia wanaichagua asubuhi ileile, na haijirudii. Anayeichapa ni Scolastika."

"Si atupigie?" alisema Donatus. Huyu alikuwa dereva. Alikuwa na bastola, na hakuwa na subira.

"Simu zinaachwa getini. Ndani ana kompyuta ya ofisi tu. Atatuma barua pepe."

"Na mabosi wake wataisoma."

"Wataiona. Kuisoma hawawezi, imefungwa." Ignas alifikicha macho. "Chukulia nimempa kufuli liko wazi. Anaweka maneno yake ndani, analibana. Likishabanwa, hata yeye halifungui tena. Ufunguo uko kwenye simu hii. Hapa tu, na nywila yake iko kichwani mwangu."

"Na wewe ukifa?"

"Utanipasua kichwa uutafute."

"Humo? Nitakuta buibui." Donatus akacheka.

Makoye hakucheka. "Yule Scolastika tunapakana ukuta. Mama yake ananiletea mboga. Asiumie."

"Hataandika jina la mtu yeyote. Nimemkataza."

"Sawa." Makoye alikohoa mpaka akainama. "Baada ya hii sishuki tena shimoni. Namchukua mtoto, tunahama. Lakini nikishikwa, Ignas, yule hana mtu. Unanielewa? Hana mtu."

"Nakuelewa, kaka."

IJUMAA, SAA TATU ASUBUHI

Probox yao ilifichwa nyuma ya ghala la pamba. Makoye na Donatus walikuwa nje wanafunga namba za bandia. Ignas alikuwa kiti cha nyuma. Simu ikatetemeka.

Barua ilikuwa vurugu tupu, herufi zisizo na kichwa wala miguu. Akaingiza nywila. Vurugu ikageuka Kiswahili. *Hilux nyeupe. Hawapiti barabara kubwa, wanapita ya malambo. Saa sita. Walinzi wawili.*

Safi. Kisha macho yake yakapanda juu, pale kwenye mada ya barua.

*Shikamoo Baba Hosiana.*

Lile kufuli lilifunga tumbo la barua tu. Mada ilibaki nje, wazi, kama maandishi juu ya bahasha. Alimfundisha Scolastika kila kitu, hilo akasahau. Na Scolastika, aliyejua kuwa mkubwa wa kazi ni Makoye, hakuvunja sharti. Jina la Makoye hakuliandika popote. Ila alikulia Ushirombo, kwa wazazi wa kusali kila jioni. Kuiba njia ya dhahabu aliweza. Kumwandikia mtu mzima bila kumwamkia, hapana.

Kwa sasa hakuna atakayeangalia. Mzigo ukiibiwa, wataangalia. Watauliza nani aliijua njia. Watapekua barua zilizotoka. Watakuta moja tu iliyofungwa, na juu yake jina la mtoto.

"Imeingia?" Makoye alichungulia dirishani.

Ignas alimtazama. Akimwambia, kazi imekufa. Makoye angekwenda shuleni kumchukua mwanawe muda huohuo, na kila mtu angerudi alikotoka. Ignas alikuwa amechoka. Amechoka kuzungushwa, kukopa unga, kuambiwa njoo wiki ijayo. Alitaka siku hii ipite tu.

"Imeingia. Njia ya malambo. Saa sita."

"Hamna lingine?"

"Hamna."

IJUMAA, SAA SITA MCHANA

Ng'ombe walikuwa wanatoka kunywa. Kundi lilifunga njia kutoka lambo mpaka pori. Wachungaji hawakuwa na haraka. Ndiyo maana Donatus alipachagua pale.

Hilux ilikuja na vumbi lake. Ikapiga honi. Ng'ombe hawakujali. Mlinzi mmoja akashuka, akaanza kuwapiga makofi mapajani.

Donatus akatokea nyuma yake. Chuma kisogoni.

"Tulia. Ukipumua nasikia."

Makoye alishafika upande wa pili. Dereva akainua mikono. Mlinzi wa ndani alikuwa mzee mwenye mvi kifuani. Makoye alimfunga kamba taratibu.

"Samahani, mzee."

"Fanya upesi, kijana. Jua kali."

Ignas akatoa kisanduku cha chuma. Kidogo kama cha viatu, lakini kilimvuta bega chini. Hakuna risasi iliyolia. Wachungaji walisimama mbali na fimbo zao, wanatazama kama watu wanaosubiri mvua. Gari likiondoka tu, watawafungua wale.

IJUMAA, SAA SABA MCHANA

Donatus alikuwa anaimba. Makoye aliegemeza kichwa kwenye kioo.

"Nitampitia mtoto shule ikitoka," alisema. "Nimnunulie na viatu. Vya sasa vinamfinya."

Ignas alisikia hilo la viatu.

"Kaka. Ile barua ilikuwa na mada."

"Mada gani?"

"Ameandika 'Shikamoo Baba Hosiana.' Ile sehemu haifungwi. Wataiona."

Wimbo ukakatika.

"Segese kuna akina Baba Hosiana wangapi?" Donatus aliuliza.

"Wawili," alisema Makoye. "Mwingine ni katekista. Hosiana wake kashaolewa."

Donatus alianza kucheka, akaacha. Makoye aligeuka nyuma polepole.

"Umejua lini?"

"Asubuhi."

Hakumpiga. Ignas angeona afadhali apigwe. Makoye alimtazama tu, kama mtu anayetazama nyumba yake ikishika moto na maji hamna.

"Simamisha gari."

"Wewe mzima?" Donatus hakuondoa mguu. "Njia ya Geita hiyo hapo mbele. Mtoto ataletwa."

"Na nani? Simamisha, Dona!"

Gari likasimama. Makoye akashuka. Ignas naye akashuka, bila kujua kama anafuata au anakimbia.

"Na mzigo?" aliuliza.

"Nitawatunzia," alisema Donatus.

Probox ikashika njia ya Geita, na vumbi likawarudia machoni.

IJUMAA, SAA NANE MCHANA

Walipanda bodaboda mshikaki, watatu pamoja na dereva. Makoye alikohoa njia nzima.

Landkruza ya polisi ilikuwa tayari kwenye uwanja wa shule. Scolastika alikaa nyuma, pingu mikononi, kitenge kimeporomoka begani. Aliwaona wakishuka nje ya ua wa minyaa. Akageuza uso haraka, akatazama upande mwingine kama vile ni wapita njia.

Kengele ilikuwa imelia. Wazazi wamejaa getini, akina mama wenye beseni vichwani, wazee wenye baiskeli. Makoye alijichanganya katikati yao.

"Sura yako hawaijui," Ignas alinong'ona. "Wana jina la mtoto tu. Tuondoke. Nitarudi mimi kumchukua. Naapa."

"Utarudi." Makoye hakumtazama. "Kama ulivyoniambia hamna lingine."

Chini ya mlingoti wa bendera, Mwalimu Rhoda alikuwa amemshika Hosiana mkono. Begi lilikuwa kubwa kuliko mgongo wake. Askari alivua kofia, akachuchumaa mbele yake. Alikuwa mpole. Labda naye ana mtoto nyumbani.

"Usiogope, mama. Nani anakuja kukuchukua leo?"

Midomo ilikuwa inamcheza Hosiana. Alikuwa anatafuta getini, uso kwa uso, na kila uso ambao haukuwa wa baba yake ulizidi kumjaza machozi.

Ignas akamvuta Makoye shati. "Kaka, inama. Inama basi."

Makoye aliona yale machozi. Aliona mtoto anavyopita kila mtu kwa macho, mmoja mmoja, na jinsi atakavyofika mwisho bila kuona mtu. Hakuinama. Alisogea hatua moja mbele ya wenzake, akasimama juani.

Uso wa Hosiana ukafunguka. Akanyoosha kidole, akasema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima:

"Baba yangu yule pale."