Chupa Moja, Mikono Mitatu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Joviana alikuwa amekwisha kufanya kazi za watu wawili. Alimenya ndizi za mchana, akateka maji, akawatoa mbuzi, kisha akatandaza nyasi mbichi sebuleni kama ilivyo desturi ya nyumba za kijijini kwao, Kishanda. Zamani kazi hizo alisaidiana na mama yake, Celina. Tangu mvua zianze, Celina alikuwa akiamka, anakaa kizingitini akishika kichwa, halafu anarudi kulala. Akipanda mwinuko mdogo wa shamba la kahawa, pumzi zilimwishia kama ajuza. Viganja vyake vilikuwa vimepauka.

Miaka hiyo vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini vilio havikukoma. Ukimwi ulikuwa umeingia, unawakondesha watu na kuwalaza chini ya migomba yao wenyewe. Mtu akipungua mwili kidogo tu, majirani walikwisha kumzika kwa macho.

"Jovi, mama yako amebaki mifupa," Mujuni, mwanafunzi mwenzake, alimtania njiani siku moja. "Hata Krismasi hafiki huyo!"

Wenzake wakacheka. Joviana akaongeza mwendo. Alipofika nyumbani alijificha nyuma ya jiko akalia. Baba yake, Apolinary, alikuwa kisiwani Goziba kwenye biashara ya samaki, na habari za huko zilikuja tu pale mtumbwi ulipopenda kuja.

Jumamosi akaja shangazi Immakulata, dada wa baba, aliyeolewa Bukoba mjini. Alimtazama wifi yake, akapiga makofi ya mshangao.

"Celina, na wewe unakaa hivyo hivyo tu? Mjini siku hizi wanawake wa maana wanatundikiwa dripu ya vitamini. Chupa ya maji ya njano. Unaingia umeinama, unatoka umenyooka!"

"Dripu si ya hospitali, wifi?"

"Hospitali ya nini, na daktari anakuja mpaka nyumbani? Nimesikia Magesa yuko hapa sokoni. Yule aliwahudumia majeruhi vitani."

Hilo la majeruhi alikuwa amelisema Magesa mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumuuliza zaidi. Mfa maji haachi kutapatapa. Joviana alimpigia mama yake magoti. "Mae, kubali. Nitakwenda kumwita mimi." Celina akaitikia kwa kichwa, na binti akatimka mbio hadi sokoni bila kuvaa kandambili.

Magesa alikuja na mkoba wenye msalaba mwekundu. Alikaribishwa kama wakaribishwavyo wageni wa heshima: akapewa kiti kizuri na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Kwa kuwa chupa nzima ilikuwa ghali kwa mtu mmoja, shangazi alikuwa amepanga wagawane watatu: yeye mwenyewe, Celina, na jirani yao Kokwijuka. Huyu alikuwa mjane, na kikohozi kilikuwa kimemsumbua msimu mzima.

"Aliyezidiwa aanze," alisema Celina kwa upole, na Kokwijuka akalala juu ya mkeka.

Magesa hakumuuliza anaumwa nini. Aliitundika chupa kwenye msumari wa nguzo, akachoma sindano mkononi mwa Kokwijuka, akamwambia Joviana aushike mpira usikunjike. Maji ya njano yakaanza kudondoka taratibu, tone baada ya tone. Joviana alisimama akiyatazama kwa furaha. Akilini alimwona mama yake akipanda kilima cha kahawa huku akiimba.

Maji yaliposhuka hadi kiwango alichokitaka, Magesa aliufunga mpira. Hapo Joviana akaona uzi mwekundu ukipanda kutoka mkononi mwa Kokwijuka, ukaingia ndani ya mpira na kusimama humo. Ilikuwa damu. Magesa akachomoa sindano, akaifuta kwa pamba yenye spiriti, akamgeukia Celina.

Joviana aliikazia macho ile sindano. Shuleni walikuwa wamefundishwa kwamba Ukimwi husafiri katika damu.

"Daktari," alisema, "ya Mae iko wapi?"

"Ya Mae nini?"

"Sindano yake."

"Si hii hapa? Huoni nimeifuta?"

"We mtoto!" shangazi alimkemea. "Pombe ya rubisi ukoo mzima tunanywa kwa mrija mmoja, umewahi kusikia mtu amekufa? Leo unataka kumtenga nani hapa?"

Kokwijuka aliinamisha uso. Joviana akaona aibu hadi masikio yakamchoma. Akisema neno moja zaidi atakuwa amemwita jirani yao mgonjwa wa Ukimwi mbele ya watu. Akinyamaza, ile damu itaingia kwa mama yake. Na aliyemleta mtu huyu ni yeye, kwa miguu yake mwenyewe.

Magesa alikwisha kuufunga mkono wa Celina kwa kamba. Mshipa ukatuna. Akaileta sindano.

Joviana alipiga magoti, akaufunika mshipa ule kwa viganja vyake vyote viwili.

"Ondoa mikono," alisema Magesa.

"Siondoi, waitu," alijibu kwa heshima.

"Immakulata, huyu mtoto hamkumfundisha adabu?"

"Joviana!" shangazi alifoka, akamshika bega kumvuta.

"Shangazi, tazama mpira!" Joviana alilia. "Tazama ndani! Ile damu itakwenda wapi akiufungua?"

Wote wakatazama. Uzi mwekundu ulikuwa pale pale. Kokwijuka akajiinua kwa kiwiko.

"Mwacheni mtoto," alisema. "Anasema kweli. Mume wangu mlimzika ninyi, na mnajua alivyokufa. Mimi sijui nina nini. Kama ninacho, sitaki kimwingie Celina. Amenilelea wanangu."

Celina akauvuta mkono wake, akaifungua kamba.

"Shauri yenu!" Magesa alisema, akitupia vitu mkobani. "Mkizidiwa msinitafute!"

"Nikikutafuta, nitakutafuta wapi?" aliuliza Celina. "Hata nyumba yako hakuna anayeijua."

Magesa akaubeba mkoba wake. Akaenda zake, akaiacha kahawa kwenye kikapu.

Kesho yake, baada ya misa, wanawake watatu na Joviana walikwenda zahanati ya misheni, Celina akiwa amekalishwa kwenye baiskeli ya kuazima. Muuguzi, Sista Bernadeta, hakuanza na chupa. Alianza na maswali. Umeanza lini? Unakula nini? Choo kikoje? Alimtazama Celina macho na viganja, kisha akafungua sindano mpya kutoka kwenye karatasi yake, mbele yao, akamtoboa kidole, akapima damu.

"Una malaria, na damu imepungua," alisema. "Nadhani na minyoo ipo, tutapima choo. Utapewa vidonge, na ule mboga za majani, maharage, na dagaa. Dripu huihitaji."

"Hata ya vitamini?" shangazi aliuliza, kama aliyenyang'anywa kitu.

"Anayeweza kumeza chakula, vitamini zimo chunguni, dada yangu. Dripu ni ya mgonjwa ambaye daktari ameona anaihitaji, na kila mtu chupa yake, mpira wake, sindano yake."

Kokwijuka alizungumza na Sista faragha kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na barua ya kwenda hospitali kupimwa. Celina akamshika mkono, wala hakuuachia. Sista akawaambia wote wasikie: "Kaeni naye, kuleni naye. Ugonjwa wowote alio nao, kushikana mikono na kula pamoja haviambukizi mtu Ukimwi. Damu huambukiza."

Baada ya majuma machache Celina alikuwa akimenya ndizi tena, na Kokwijuka akila nao meza moja huku akingoja majibu yake. Joviana alikuwa bado na jambo moyoni.

"Mae, ni mimi niliyemleta yule mtu. Halafu nikamkosea mgeni na kumwaibisha mama Kokwijuka."

Celina aliweka kisu chini.

"Kosa letu lilikuwa moja, mwanangu, wakubwa kwa wadogo. Tuliona mkoba, tukaacha kuuliza. Amesomea wapi? Chupa ina nini? Sindano imefunguliwa mbele ya nani? Mambo yakiharibika tutampata wapi? Mtu wa dawa wa kweli hachukii maswali, kwa sababu majibu anayo. Mgeni mpe kiti, mpe kahawa, mpe na chakula. Mshipa wako usimpe mpaka awe amekujibu."