Spana Hataki Fundi Umeme

"Shuka."

"Sishuki."

"Mke wangu, shuka kwenye hiyo ngazi tuongee kama watu wazima."

"Ongea tu. Masikio nimepanda nayo huku juu."

Kinyozi alishusha pumzi. Alikuwa ameishika ngazi kwa mikono yote miwili, uso ameuinua, vumbi la mabati linamwingia machoni. Mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Spana, alikuwa juu karibu na paa, ovaroli limemchakaa magotini, anakaza boliti kwenye nguzo ya chuma. Banda lile lilikuwa lake. Mabati alichagua mwenyewe, nguzo alizichomelea mwenyewe kwa jenereta la kuazima, zege la sakafu walimwaga yeye na huyo huyo mume aliyeshika ngazi. Nyaya za bandani alishazivuta mwenyewe; kilichobaki ni kuziunga na umeme wa nyumba, kompresa ijaze upepo, na Jumatatu gereji ifunguliwe.

Na kwenye umeme ndipo walipogongana.

"Tuite fundi," Kinyozi akasema.

"Fundi? Na mimi ni nani?"

"Wewe ni fundi magari."

"Kwani gari halina umeme? Lile basi lililowashinda mafundi wa mji mzima, nyaya zake alisuka nani?"

"Wewe. Lakini..."

"Hiyo lakini yako imeze na mate."

"Spana, mimi umeme wa nyumba umeshanirusha. Nilikuwa nanyoa mtu, mashine ina waya mbovu, nikajikuta chini mteja ananipepea na gazeti. Huu si umeme wa betri."

"Ulirushwa kwa sababu waya ulifungwa na mtu asiyejua kazi. Mimi naijua."

Ukimsikiliza hapo utasema mwanamke huyu ni mbishi tu. Ni mbishi kweli, simtetei. Lakini ubishi wake una historia. Tangu alipoingia gereji akiwa binti, kila fundi alimwambia neno moja: shika tochi. Wanaume wanafungua injini, yeye anashika tochi. Anaona kabisa kwamba wanafungua mahali pasipofaa, anasema, wanamcheka, anaendelea kushika tochi. Halafu akapata mchumba, fundi umeme mmoja anaitwa Cheche, naye baada ya kumpeleka hadi kwa wazazi akamwacha kwa maneno haya: "Mwanamke mwenye grisi kwenye kucha si wa kuoa." Mbele za watu, jamani!

Kwa hiyo Kinyozi alipokuja kumposa, Spana hakuuliza ana nini wala kwao ni wapi. Aliuliza swali moja tu.

"Utaniamini?"

"Nitakuamini," Kinyozi alijibu, na kwa jibu hilo akapata mke.

Sasa huyo huyo aliyeahidi amesimama chini ya ngazi anasema tuite fundi. Ungekuwa wewe, ungeshuka?

Alishuka mwenyewe baadaye, kiu ilipomzidi. Akapitia kwenye meza ya vifaa kuchukua chupa ya maji, na simu ya mumewe iliyokuwa pale ikalia. Ujumbe ulitoka kwenye namba isiyo na jina: "Nimeshatoka, nakuja. Angalia asiwashe kitu mpaka nifike."

Namba haikuwa na jina, lakini Spana aliijua. Aliwahi kuipiga kila siku, hadi vidole vikaizoea.

"Kinyozi!"

"Naam."

"Hii namba ya nani?"

Kinyozi akatazama simu, akatazama sakafu.

"Ya Cheche," akasema.

"Cheche! Mafundi wote walioko duniani, umeniletea Cheche?"

"Wengine nimewapigia, wote wana kazi mpaka wiki ijayo. Wewe unataka kuwasha leo. Yeye ana leseni na ana nafasi."

"Mume gani anamwita mwanamume aliyemwacha mkewe aingie ndani ya ua wake?"

"Mume asiyetaka kuwa mgane."

"Na wivu huna?"

"Ninao! Nimeumeza, umenikwama hapa." Akajishika kooni.

Siku nyingine Spana angecheka. Siku hiyo aliiweka simu mezani taratibu mno, na wanaomjua wanajua kwamba akiwa taratibu hivyo hali si nzuri.

"Umempigia nyuma ya mgongo wangu."

"Nimekosea kukuficha."

"Hukunificha tu. Umemwambia mtu yule, yule kati ya watu wote, kwamba mimi siwezi. Sasa nakwenda kuunga na kuwasha, afike akute taa zinawaka."

Akatoka mbio kuelekea barazani, kwenye meinswichi, swichi kuu ya nyumba. Kinyozi ni mwembamba, mtu wa kusimama nyuma ya kiti cha wateja siku nzima, lakini siku hiyo miguu ilimsaidia. Alifika kwanza, akageuka, akaufunika ule mlango mdogo wa chuma kwa mgongo wake.

"Toka hapo."

"Sitoki."

"Uliahidi utaniamini."

"Nakuamini."

"Basi toka!"

"Sitoki, Spana. Nipige ukitaka."

"Sikupigi. Nakwambia hivi: usipotoka hapo, nafunga nguo zangu naondoka. Gereji nitaifungulia kwingine, na wewe ubaki na swichi yako."

Kinyozi alizidi kuukandamiza mgongo kwenye mlango ule. Kila mtu anajua Spana hatishi bure.

"Sawa," akasema.

"Sawa nini?"

"Funga nguo. Sanduku nitakubebea mpaka barabarani. Lakini hapa hugusi."

Spana akageukia chumbani, akapiga hatua moja. Na kabla hajapiga ya pili, geti likagongwa.

"Hodi wenye nyumba!"

Cheche aliingia na begi lake begani, shati limepigwa pasi, manukato yanamtangulia. Akamtazama Spana kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani.

"Ahaa, Spana! Bado una grisi kwenye kucha."

"Na wewe bado una domo. Kazi iko kule."

Alimpeleka bandani mwenyewe, kichwa juu. Kama ni kukaguliwa, basi akaguliwe, aone. Kinyozi alifuata nyuma. Cheche akachungulia mfereji wa nyaya uliotoka nyumbani, akagonga bomba la nyaya kwa kiatu, akavuta hapa na pale. Alikuwa anatafuta kosa na halioni, hilo lilionekana wazi usoni pake.

"Mfereji una kina," akakiri kwa shida. "Nyaya nene, safi." Kisha akasimama chini ya taa. "Waya wa kurudi uko wapi?"

"Kwenye nguzo."

"Nguzo ipi?"

"Zote. Kila taa na kila soketi inarudishia kwenye nguzo iliyo karibu nayo. Nimekwangua rangi, nimekaza boliti, nimepaka grisi kusiingie kutu. Kutoka nguzo ya mwisho, waya mmoja unarudi nyumbani." Alisema kwa fahari, maana ilikuwa kazi nzuri, boliti zimekaa mstari mmoja.

Cheche aliangua kicheko, akacheka mpaka akakaa juu ya tairi.

"Mamaa! Amefunga banda kama gari! Bodi yote ndiyo njia ya kurudi! Spana, hii si betri, dada yangu. Ule waya mmoja ukilegea tu, nguzo zote na mabati yote haya yana umeme wa kuua. Anayegusa ukuta..."

Hakuhitaji kumaliza. Spana alikuwa ameshaelewa. Kwenye gari waya mmoja hupeleka na bodi hurudisha, na hakuna anayekufa. Mikono yake imefanya hivyo tangu ujana, na hapa ilifanya vilevile bila kumuuliza. Akautazama ukuta wa bati. Akamwona Kinyozi ameuegemea kwa bega, kama anavyoegemea kila ukuta akichoka kusimama. Hapo hapo. Bega lile lile. Spana akamvuta mkono, akamwondoa ukutani.

"Nilisema mimi siku ile," Cheche akaendelea, anapangusa machozi ya kicheko. Akatoa tochi kwenye begi, akamnyooshea. "Haya, shika tochi, uone wanaume wanavyofanya kazi."

Kabla Spana hajajibu, mkono mwembamba ulipita mbele yake ukaichukua ile tochi.

"Tochi nitashika mimi," Kinyozi akasema. "Na hayo maneno mengine yameze, la sivyo utatoka hapa nimekunyoa bila maji."

"Wewe si ndiye uliyeniita?"

"Nilikuita ukague waya. Sikukuita umkague mke wangu."

"Ngoja, mume wangu," Spana akasema. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Cheche, nimekosea. Sikia vizuri, nasema kwa mdomo wangu, tena nasema kwa sauti: nimekosea, na kosa langu lingeua mtu. Asante kwa kuliona. Nitafungua kila boliti na kuvuta upya, kila taa na waya wake wa kurudi, na nguzo hizi zitapata waya wake wa kuingia ardhini. Fundi mwenye leseni atakagua, na kwenye meinswichi ataunga yeye. Mimi sitagusa. Kama unataka kuwa fundi huyo, funga domo, karibu. Kama hutaki, geti umeliona."

"Mimi siagizwi na mwanamke."

"Basi kwaheri."

"Utafungua Jumatatu gizani?"

"Sifungui Jumatatu. Nitamsubiri fundi mwingine. Nimesubiri banda langu tangu ujana, wiki moja itanishinda?" Akamkabidhi begi lake mkononi. "Na nikwambie jambo la mwisho. Mimi nimekosea waya, waya unafunguliwa. Wewe ulimkosea mtu, na mpaka leo hujajua."

Cheche akamgeukia Kinyozi.

"Kaka, huyu atakutawala."

"Ameshanitawala," Kinyozi akajibu. "Funga geti ukitoka."

Geti lilijibamiza. Wakabaki wawili bandani, hakuna aliyemtazama mwenzake. Spana alikaa juu ya lile tairi, akavua glavu moja, akasahau nyingine.

"Usinifiche tena," akasema.

"Sikufichi tena. Ningekwambia, ungenisikiliza?"

"Nisingekusikiliza."

"Najua."

"Ulijua kwamba nimekosea?"

"Nijulie wapi? Mimi najua vichwa vya watu. Nilijua naogopa, basi."

"Kwa hiyo ulisimama pale kwenye swichi hujui lolote."

"Lolote."

"Na kama nisingekosea? Kama kila waya ungekuwa mahali pake, na mimi nimefunga nguo, nimeondoka kweli?"

Kinyozi alichuchumaa mbele yake, akaanza kumvua ile glavu iliyobaki, kidole kimoja kimoja.

"Ningelia kama mtoto," akasema. "Ningefunga kibanda cha kunyoa, nisile, mama aje kunibembeleza. Lakini ungekuwa mzima mahali, unanitukana."

Spana akafungua mdomo. Machozi yakatangulia, yale aliyokuwa ameyashika tangu Cheche aanze kucheka, akamkamata mumewe shingoni kwa mikono yote miwili na kumpaka grisi kuanzia kola mpaka masikioni.

"Mshenzi wewe," akasema huku analia. "Ndiyo nakutukana. Mshenzi mkubwa. Nakupenda."