Yowe la Kemotera

"Ndama amekata kamba."

Maneno matatu tu, kwenye kisikizi cha simu sikioni. Ghati akaacha supu yake mezani, akarukia pikipiki yake, Boxer, akatoka Matongo vumbi likimfukuza.

Maana yake waliijua wawili: yeye, na Faustine, mkuu wake wa upelelezi aliyekaa Bomani mbele ya kompyuta. Lori la sumu limeondoka. Juzi Ghati alijifanya muuza karanga, akabandika chini ya lori hilo kifaa cha GPS, kidogo kama kiberiti.

"Liko wapi?"

"Linashuka kijitoni Kemotera. Askari wako mbali, Ghati. Hawatawahi."

"Maji?"

"Bado safi. Kwa sasa."

Chini ya daraja la Kemotera walikuwa wamezamisha kifaa cha kupima maji. Maji yakichafuka, simu za kijiji kizima zinaita pamoja, na sauti inaonya kwa Kikurya. Kazi nzuri kweli. Lakini mara ya mwisho ilipoita, watu waliikata kama wanavyokata matangazo ya bahati nasibu. Samaki wakaelea matumbo juu, wamevimba, inzi wamewajaa machoni. Na watu wakawasukuma pembeni kwa kata, wakachota.



Alipofika kijitoni, Ghati akaificha pikipiki, akalala nyuma ya kichuguu.

Lori moja la Fuso, tanki mgongoni. Vijana wawili wenye bunduki, mmoja kwenye koki. Na Salvatori mwenyewe, mwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu, tumbo mbele, anamenya ndizi. Maganda anatupa mtoni.

"Fanyeni haraka. Leo mnada, kijiji kizima kiko kwenye ng'ombe."

"Bosi," yule wa koki akasema, "huko chini watu wanakunywa."

"Kwani wewe unakunywa huko? Mimi nakunywa ya chupa!"

Wenye bunduki wakacheka.

Ghati akagusa bastola yake, Glock, kiunoni. Akaiacha. Risasi ikitoboa tanki, sumu ya sayanaidi itateremka yenyewe mtoni bila kusaidiwa.

Akanong'ona, "Faustine, pigia kijiji."

"Nimepiga. Wanakata."

"Wanakata?"

"Wanasema wako mnadani, tusiwasumbue na maji yetu."

Ghati akatema mate. Muda si mrefu ng'ombe wale wa mnada wangeletwa kunywa hapa hapa.

"Niunganishe na simu zao zote. Niseme mwenyewe."

"Useme nini ambacho hatujasema?"

"Ng'ombe wameibiwa."



"Ghati, wewe ni binti wa pale. Anayepiga yowe la uongo la wizi wa ng'ombe..."

"Anafukuzwa. Hasalimiwi, hapewi moto, hazikwi kwao. Najua. Na mama yangu anakaa pale. Niunganishe."

Yowe halinong'onwi. Ghati akajaza kifua, akalitoa lote, lile la kupanda na kushuka, kama alivyolisikia utotoni, kisha akataja daraja la Kemotera.

Bunduki zikageuka. Risasi ikapasua kichuguu, udongo ukamjaa kinywani. Akabingirika korongoni.

"Ni mwanamke mmoja tu!" Salvatori akapiga kelele. "Mmalizeni! Na wewe, fungua koki!"

Kijana wa koki akasitasita.

Ndipo ardhi ikanguruma.

Bodaboda. Kila moja watu watatu, marungu, pinde, mikuki. Mnadani, nyuma tu ya mlima, simu zote zilikuwa zimelia kwa pamoja, na safari hii hakuna aliyekata. Wenye bunduki walipoona umati umejaa darajani, wakazitupa wenyewe. Wa koki akainua mikono. Koki bado imefungwa.

Mzee Nyamhanga, mkuu wa sungusungu, walinzi wa kijiji, akashuka kwenye pikipiki akitweta.

"Ng'ombe wako wapi?"

Ghati akasimama, akajifuta udongo. "Shikamoo, baba. Hawajaibiwa."

Marungu yakapanda juu.

"Binti, unajua ulichofanya?"

"Najua. Nimewaita kwa ajili ya maji, hamkuja. Tanki hilo ni sumu. Lilikuwa limwagwe hapa."

"Mwongo!" Salvatori akajitokeza. "Wazee wangu, ni maji ya sabuni tu! Huyu amewatoa mnadani bure!"

Mzee akalisogelea tanki. Akanusa. Akakunja uso.

"Ya sabuni?"

"Ya sabuni, mzee wangu."

"Vizuri. Tangulia unawe uso nayo."

Salvatori akarudi nyuma hatua moja. Nyingine. Jasho likamtiririka hadi kidevuni.

Wakati huo kundi la kwanza la ng'ombe likatokea mlimani, likiteremka kunywa, ndama mbele. Mzee Nyamhanga akawatazama ng'ombe. Akalitazama tanki.

"Walikuwa wanaibiwa," akasema polepole. "Tena wote. Mfungeni huyu."

Mwanamke mmoja akamshika Ghati mkono. "Mwanangu, mbona hukutuambia mapema?"

Ghati akautoa mkono wake taratibu, akapanda ukingo hadi ilipo Boxer.

"Umeumia?" Faustine akauliza sikioni.

"Hapana. Nataka kuoga."

Akapiga kiki, akaondoka bila kugeuka.