Mazoezi Thelathini ya Shangazi

Saa kumi na moja jioni chumba cha mbele cha Shangazi kilikuwa kimejaa, kama ilivyo siku zote. Aliyeleta gauni lipunguzwe kiuno alikuwepo, aliyekuja kuulizia suruali ya mumewe kwa mara ya tatu alikuwepo, na wengine wawili watatu walikuwepo kwa sababu tu maneno yalikuwa yamenoga. Shangazi alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, tepu ya kupimia shingoni, magongo mawili yameegemea ukuta nyuma yake. Cherehani yake ya kukanyaga ilikuwa imefunikwa shuka. Ilifunikwa tangu siku alipoteleza bafuni akavunjika mguu wa kulia, na mshono wote sasa ulikuwa ukifanywa na Mama Pacha, jirani aliyekuwa bado anajifunza, kwa sindano ya mkono.

Plasta ilikaa mguuni wiki sita. Shangazi aliporudi kutoka hospitali bila plasta, alipandisha gauni kidogo ili watu waone, na watu wakainama kutazama. Paja la kulia lilikuwa limesinyaa, ngozi imelegea kama nguo iliyomzidi mwenyewe.

"Huu mguu ni wa nani jamani?" Shangazi aliuliza. "Wangu niliuacha huko huko?"

Watu walicheka. Yeye alicheka kidogo tu.

Daktari wa viungo, mwanamume mpole mwenye miwani aliyezoea kuwapitia wagonjwa majumbani, alimweleza vizuri. Mfupa ulikuwa umeunga. Kilichobaki ni misuli, ambayo ililala wiki sita bila kazi ikapungua. Alimwachia kifuko cha mchanga cha kufunga kwenye kifundo cha mguu na kadi yenye visanduku vya kuwekea alama. Akae kitini, anyooshe goti, ashikilie mpaka hesabu ya tano, kisha ashushe taratibu. Mara thelathini asubuhi, mara thelathini jioni. Kila wiki waongeze konzi mbili za mchanga.

"Nikifanya hivyo nitakanyaga cherehani?" Shangazi aliuliza.

"Ukifanya hivyo, Mama, utakanyaga."

Kazi ya kufunga kifuko, kuhesabu na kuweka alama kwenye kadi alipewa binti wa kaka yake, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliyeishi naye. Mtaani walimwita Redio. Ukitaka kujua nani kagombana na nani, nani kahamia wapi na kwa nini, unamuuliza yeye, na hungojei.

Siku za mwanzo Redio alihesabu sawasawa. Shangazi alikuwa akifumba macho, akikunja uso kwa maumivu. "Wewe nihesabie tu, mwanangu," alisema. "Na unipe habari. Nikisikia habari sisikii mguu."

Ila saa ile ya mazoezi ya jioni ndiyo saa wenzake Redio walipokusanyika bombani, na bombani ndiko habari zinakopikwa. Alisikia vicheko vyao akiwa bado yuko namba saba. Jioni ya siku ya tano alisema, "Nane. Tisa. Shangazi, unajua mwalimu wa hesabu kanyoa ndevu? Hatukumjua, tulidhani mwalimu mgeni. Kumi na nane. Kumi na tisa."

Shangazi alicheka huku macho kafumba, na hakugundua. Redio aliweka alama kwenye kadi, akabeba ndoo, akaondoka mbio.

Hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo shida ya uongo mdogo, siku ya kwanza hauumi. Kesho yake aliruka tena, asubuhi na jioni, na kesho kutwa. Wiki ya pili thelathini za Shangazi zilikuwa zimebaki kumi na mbili. Mchanga nao Redio hakuuongeza hata konzi moja, maana kufungua kifuko na kukishona tena ni kazi. Kadi lakini ilijaa alama nzuri zilizonyooka. Na Shangazi kila aliyeingia alimtambia: "Thelathini asubuhi, thelathini jioni. Sijakosa hata siku moja."

Kila Redio aliposikia maneno hayo, alikumbuka ghafla kwamba ametumwa jikoni.

Baada ya wiki nne daktari alirudi. Aliitazama kadi, akaisifu mbele ya watu wote, kisha akaomba tepu. Shangazi aliivua shingoni akampa. Daktari alipima paja la kushoto: sentimita arobaini na nne. Akapima la kulia: thelathini na tisa. Alipima mara ya pili, akatazama daftari lake.

"Ni ile ile ya mwezi uliopita," alisema.

"Pima vizuri," Shangazi alisema. "Labda umekaza."

"Nimepima vizuri, Mama. Samahani kukuuliza. Mazoezi unayafanya yote?"

Shangazi alijinyoosha kitini. "Mimi nimeshonea mtaa huu mzima, sijawahi kumpunja mtu hata nusu inchi. Nijipunje mwenyewe? Shahidi wangu huyu hapa. Mwambie daktari, mwanangu. Tunafanya ngapi?"

Watu wote walimgeukia Redio. Masikio yalimwaka moto. Alitazama vidole vyake vya miguu.

"Thelathini," alisema.

Daktari alivua miwani akaifuta. Alisema basi itabidi aandike barua hospitali, Shangazi akapimwe mishipa ya fahamu, maana msuli unaofanyishwa kazi vile na bado haurudi, huenda una tatizo jingine.

Shangazi aliitazama cherehani. Kisha akamwita Mama Pacha. "Njoo uichukue cherehani. Kikae kwako hicho chombo, wewe una miguu. Mimi nimejitahidi, mwili wangu umekataa."

"Usiseme hivyo, dada."

"Nasema. Sitaki kuitazama kila siku imefunikwa shuka kama maiti."

Redio alikuwa ameshatoka. Alisimama jikoni, paji la uso kwenye mlango, akasikia shuka ikivutwa, kisha miguu ya chuma ya cherehani ikikwaruza sakafu. Hakulia. Alihisi kitu kibaya kuliko kulia, kama mtu anayetazamwa na kila sufuria ya jiko lile. Chuma kilikwaruza tena, karibu zaidi na mlango wa nje. Alirudi chumbani kabla hajapata muda wa kuogopa.

"Mama Pacha, usiitoe," alisema. "Hazikuwa thelathini."

Mama Pacha aliiachia cherehani.

"Nilikuwa naruka namba. Shangazi akifumba macho naruka, ili niwahi bombani. Zilikuwa kumi na mbili. Siku nyingine kumi. Mchanga pia sijaongeza. Mguu hauna tatizo, ni mimi."

Shangazi alimtazama kwa muda mrefu, na hakukuwa na ukali usoni mwake, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Nilikuwa naumia pale," Shangazi alisema polepole. "Naumia, na huku nakuamini."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimesikia." Akageuza uso dirishani.

Daktari alivuta kigoda akamkalisha Redio karibu yake. "Shika hapa," alisema, akauweka mkono wa Redio juu ya paja la Redio mwenyewe. "Nyoosha goti. Unasikia msuli unavyokaza? Msuli ni nyuzi nyingi zimefungwa pamoja. Hausukumi, unavuta tu. Wa mbele ukivuta, goti linanyooka. Wa nyuma ukivuta, goti linakunjika. Ukiupa kazi kidogo zaidi ya ulivyozoea, mwili unaona hapa panahitaji nguvu, unajenga. Unajenga kwa chakula, kama maharage, mayai, samaki, na unajenga mtu akipumzika na kulala vizuri. Usipoupa kazi, mwili unasema huyu hahitajiki, unampunguza. Hausomi kadi."

Barua ya hospitali haikuandikwa. Cherehani ilirudishwa mahali pake.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Kazi ya kuhesabu alipewa Mama Pacha, na Redio akabaki kujaza mchanga na kushona kifuko. Bombani, alipofika na ndoo, maneno yalikatika, kisha yakaanza upya juu ya jambo jingine. Alijua yalikuwa juu ya nini. Mwenye kutangaza habari za watu sasa yeye ndiye habari, na hapakuwa na wa kumlaumu. Alichota maji, akarudi nyumbani, akamchemshia Shangazi maharage.

Wiki ya tatu, Mama Pacha alichelewa. Shangazi alingoja, kisha akasema bila kumtazama, "Haya. Hesabu wewe."

Redio alihesabu. Hakusimulia lolote katikati. Thelathini zilikuwa nyingi kuliko alivyokumbuka, na kuanzia ishirini na moja mguu wa Shangazi ulitetemeka, jasho likamtoka kidevuni. Redio aliona kwa mara ya kwanza kile alichokuwa akikiruka.

Mwisho wa mwezi wa pili wa mazoezi ya kweli paja lilifika sentimita arobaini na mbili na nusu. Jumamosi moja Shangazi aliweka magongo pembeni, akakaa kwenye cherehani, akakanyaga. Mwanzo gurudumu lilisitasita, kisha likashika mwendo, na watu wakasukumana mlangoni kutazama. Alishona pindo moja la sketi mpaka mwisho, akakata uzi, akapumua.

Redio alisimama nyuma ya watu wote. Shangazi alimwita mbele.

"Bado una aibu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Vizuri. Sikuondolei, ikae kidogo, itakufundisha. Ila nisikilize. Mguu wangu haukurudi siku moja. Ulirudi kwa kazi ya kila siku, ya kweli, hata siku ambayo hakuna anayetazama. Na imani yangu kwako nayo ilikuwa imesinyaa, mwanangu. Nayo inarudi hivyo hivyo, kidogo kidogo. Haina njia ya mkato." Akamsogezea sketi. "Haya, nikunjie pindo la pili, nilishone."