Namba Isiyoandikwa Daftarini

Kila asubuhi ya likizo ile, kabla hata ya kupiga mswaki, Injinia alipita sebuleni kuitazama kompyuta yao mpya. Injinia halikuwa jina lake. Alipachikwa na mjomba wake akiwa na miaka saba, siku alipoifungua redio ya nyumbani kwa kijiko kisha akashindwa kuifunga. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kompyuta ile alikuwa ameiunda kwa mikono yake mwenyewe, mjomba akiwa amekaa pembeni anaelekeza. Waya zote alizipitisha yeye. Skrubu zote alizikaza yeye, isipokuwa moja iliyodondoka chini ya kochi na mpaka leo haijaonekana.

Mjomba alikuwa fundi kompyuta, na alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza hata kwa ndugu. Kila mashine aliyoishughulikia ilikuwa na daftari lake. La kompyuta hii lilikuwa la mistari ya mraba, limefungwa kwa uzi, linaning'inia ubavuni mwa mashine. Kila kifaa kilichowekwa kiliandikwa humo, na kila namba ya mipangilio iliyobadilishwa ilipaswa kuandikwa: ya zamani, mpya, na tarehe.

"Kisichoandikwa hapa, kwangu mimi hakijafanyika," alimwambia siku walipoiwasha mara ya kwanza. "Kompyuta ikiumwa sitamuuliza mtu. Nitaliuliza daftari."

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya kazi ya mama. Mama alichora ramani za majengo, na ramani ikikamilika, kompyuta ilitengeneza picha ya jengo kana kwamba limeshajengwa, na mlango uko wazi na kivuli cha paa kimelala ukutani. Kompyuta ya zamani ilitumia siku nzima kwa picha moja. Mwaka uliopita mteja mmoja alichoka kungoja, akampa kazi mchoraji mwingine, na mama alikaa wiki nzima akizungumza na watu kwa neno mojamoja. Hii mpya ilitumia dakika hamsini. Wiki hiyo mama alikuwa na picha tano za zahanati, na daktari aliyekuwa akiijenga alizitaka Alhamisi, saa sita mchana. Zikichelewa, alisema bila kuzunguka, mchoraji mwingine yuko tayari.

Dakika hamsini zilimtosha mama. Injinia hazikumtosha. Alikuwa amesikia kwa mjomba kwamba prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta, inaweza kusukumwa ifanye kazi kwa kasi zaidi kuliko ilivyopangwa kiwandani. Mjomba aliahidi kumfundisha Jumamosi, polepole. Neno hilo polepole ndilo lililomkera. Aliona kama anaambiwa angoje mpaka aote mvi.

Jumanne mchana mama alitoka kwenda kupima kiwanja cha zahanati. Injinia aliketi, akaufungua ukurasa wa mipangilio. Namba ya kasi ilikuwa arobaini na mbili. Aliwahi kumwona kijana mmoja kwenye video akiweka arobaini na nane huku anatafuna karanga, basi naye akaweka arobaini na nane. Kompyuta ikagoma kuwaka, ikamrudisha kwenye ukurasa ule ule. Akakumbuka kwamba yule kijana aliongeza pia umeme unaoingia kwenye prosesa. Akauongeza, kisha akauongeza tena, na safari hii ikawaka. Akaifanyisha jaribio la dakika tano. Feni zilivuma kama kuna nyuki ndani ya sanduku, lakini jaribio likapita salama.

Daftari lilikuwa pale pale, linaning'inia. Alilishika, akaliachia. Akiandika leo mama ataona, na yeye alitaka kuwashangaza wote wawili Jumamosi. Ataandika siku hiyo hiyo, alijiambia, halafu akaenda kuosha vyombo huku anapiga mluzi.

Jumatano asubuhi mama alianza picha ya kwanza. Dakika ya ishirini skrini iliganda, ikawa nyeusi, kompyuta ikajizima. Mama akaiwasha, akaanza upya. Dakika ya kumi na nane, tena. Mara ya tatu ilifika dakika ya ishirini na tano, mama akaanza kutabasamu, na hapo ikazima. Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaiweka juu ya meza taratibu, akaitazama kompyuta jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyemvunjia sahani.

Injinia alisimama mlangoni. Moyoni alikuwa akibishana. Haiwezi kuwa zile namba, mbona jaribio lilipita? Alitaka kuzirudisha kimyakimya, lakini mama hakubanduka kwenye kiti. Kibaya zaidi, alipojaribu kukumbuka kiwango cha umeme kilivyokuwa kabla hajakigusa, hakukumbuka. Hakikuandikwa popote.

Mjomba alifika saa nane, jasho linamtoka, begi la vifaa begani. Injinia akamwamkia, naye akaitikia marahaba huku tayari amelishika daftari. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa kwa kidole. Kisha, kama mtu anayetimiza wajibu tu, akainua kichwa.

"Injinia, kuna namba yoyote umegusa?"

"Hapana, mjomba," alijibu. Na kwa sababu mjomba alikuwa bado anamtazama, akaongeza, "Si unaona daftari?"

Mjomba akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Daftari linasema tuko kwenye namba za kiwandani, alimweleza mama, basi hapa kuna kifaa kibovu. Kazi ni kukitafuta.

Mchana ule ulikuwa mrefu kuliko wiki. Mjomba aliisogeza kompyuta mbali na ukuta, ikazima. Aliing'oa feni ya prosesa, akakwangua dawa ya kupozea, akapaka nyingine, akafunga upya, ikazima. Alikwenda kibandani kwake kuleta kisanduku cha umeme cha kuazima, akakifunga, ikazima. Na kila jaribio lilitaka kungoja dakika ishirini, watu watatu wamekaa wanatazama skrini. Mama aliuliza mara mbili ni saa ngapi, na saa ilikuwa ukutani mbele yake. Mjomba alidondosha skrubu, akaikanyaga akiitafuta, akatamka neno ambalo Injinia hakuruhusiwa kulirudia.

"Kwa mwendo huu," mama akasema, "nikachore kwa mkaa tu."

Hakuna aliyecheka.

Kilichobaki kushukiwa kilikuwa kumbukumbu, vile vibanzi viwili vyembamba vinavyochomekwa kando ya prosesa. Mjomba akampigia simu mwanamke aliyewauzia. Injinia alimkumbuka vizuri, dada mmoja mpole mwenye duka jembamba kama korido. Alivijaribu vibanzi vyote viwili mbele yao kabla ya kuvifunga, kisha akamwachia Injinia akae kwenye kiti chake azione namba za jaribio. Sasa sauti yake ilisikika kidogo kwenye simu, akisema kwamba vilikuwa vizima, kaka, na wewe ulikuwepo. Mjomba akamjibu kwa ukali ambao haukuwa wake. Alimwambia kesho akifungua duka atamkuta mlangoni, na akikataa kubadilisha, mafundi wote wa mtaa ule watajua anauza vitu vya aina gani.

Akakata simu. Mpaka hapo uongo wa Injinia ulikuwa mdogo, neno moja tu mbele ya ndugu zake. Sasa ulikuwa umetoka nje ya nyumba, umeingia dukani kwa mtu aliyemwachia kiti chake.

Hata hivyo hakusema. Alifungua mdomo mara mbili wakati wa chakula, na mara zote mbili akatia tonge badala ya neno.

Alhamisi, saa moja asubuhi, mjomba alikuja kuchukua vile vibanzi. Alivichomoa, akavifunga ndani ya kitambaa. Mama alikuwa akiandika ujumbe kwa daktari wa kumwomba radhi. Alikuwa amefika kwenye maneno "naelewa ukiamua kumpa mwingine", Injinia akayasoma juu ya bega lake.

"Mjomba, usiende," alisema. "Usiende dukani. Yule dada hana kosa. Ni mimi. Niligusa namba."

Akayasema yote, bila kupumzika: Jumanne, ile video, arobaini na nane, umeme, jaribio la dakika tano. Hakumtupia lawama yule kijana wa karanga. Mjomba aliketi polepole kwenye mkono wa kochi. Akakiweka kile kitambaa mapajani mwake.

"Mtoto wewe," alisema, na hakumwita Injinia, na hilo lilimchoma kuliko kofi. "Jana nimemtukana mtu mzima wa watu. Nimemtukana kwa sababu niliamini karatasi yako."

Mama aliangalia saa, akaufuta ule ujumbe, akauliza swali moja tu: inatengenezeka?

Ilitengenezeka kwa muda mfupi kiasi cha kuudhi. Mjomba alivirudisha vibanzi, akaingia kwenye mipangilio, akachagua kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Basi. Siku nzima ya jana, na dawa ya kupozea iliyopotea bure, na simu ile, vyote kwa kazi ya dakika mbili. Saa moja na nusu mama alianza picha ya kwanza. Dakika ya ishirini ilipita, wote watatu wakiwa wameikodolea macho skrini. Ikapita ya ishirini na tano. Dakika ya hamsini zahanati ilitokea kwenye skrini, nyeupe, na benchi ndefu kivulini kwa ajili ya wagonjwa. Mama akaanza ya pili bila kunyanyuka.

Picha ya tano ilitumwa saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Daktari alijibu kwa neno moja, zimefika, na mama akaegemea kiti akafumba macho.

Mchana huo Injinia na mjomba walikwenda dukani, si kubadilisha kitu, bali kuomba radhi. Mjomba alitangulia, akaomba yake. Kisha akasogea pembeni, na Injinia akabaki peke yake mbele ya meza. Yule dada alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema alikuwa amepoteza usingizi akiwaza vibanzi vile, na angependa siku nyingine aambiwe mapema. Hakumwambia kwamba si kitu, maana kilikuwa kitu. Lakini walipokuwa wakiondoka alimuuliza kama zile arobaini na nane ziliwaka kweli, na pembe ya mdomo wake ilicheza.

Injinia alidhani somo la Jumamosi limefutwa. Lakini siku hiyo, saa nne asubuhi, mjomba akaingia, akalivuta daftari, akampa kalamu. Aandike kwanza ya Jumanne, alimwambia, kwa tarehe yake ya kweli, na mbele yake aandike kilichotokea. Injinia akaandika. Aliandika yote, mpaka neno "nilidanganya".

Ndipo wakaanza. Mjomba alimwonyesha mahali pa kusoma joto la prosesa, akamwambia wasiliache livuke nyuzi themanini na tano. Umeme hawakuugusa kabisa. Ungeachwa juu namna ile kwa wiki kadhaa, mjomba alisema, ungeiua prosesa. Walipandisha kasi kwa namba moja tu, arobaini na tatu, wakaandika, wakaifanyisha kazi nzito saa nzima. Ikapita. Arobaini na nne, wakaandika, saa nzima tena. Ikapita, joto nyuzi sabini na tisa. Arobaini na tano ikazima dakika ya thelathini. Injinia aliuma mdomo. Mkono ulimwasha kuongeza umeme kidogo tu, kidogo sana. Badala yake akaandika "imezima", akarudisha arobaini na nne.

Jioni mama alijaribu picha moja. Ilitumia dakika arobaini na nane kasoro. Injinia alipiga hesabu mara mbili akidhani amekosea.

"Dakika mbili?" alisema. "Yote yale kwa dakika mbili?"

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu Jumanne, mpaka akashika mbavu. Alisema kwa picha tano ni dakika kumi na moja na ushei, na kwamba dakika hizo atazitumia kulala.

Mjomba alicheka pia. Alilichukua daftari, akalifungua kwenye ukurasa wa Jumanne.

"Namba mbaya haikunitisha," alisema. "Namba mbaya tumeirudisha kwa dakika mbili. Kilichotupotezea siku nzima, na nusura kimharibie mtu jina lake, ni nafasi hii iliyokuwa tupu. Utakosea tena, na mimi nitakosea. Ila ukikosea, andika na useme mapema, wakati bado ni jambo la dakika mbili. Umenielewa, Injinia?"

Injinia aliitikia kwamba ameelewa. Kisha akalifunga daftari, akakaza uzi wake, akalirudisha mahali pake ubavuni mwa mashine.